Usifue Sweta ya Shosho

Shosho alipotuacha, tata alitaka kuifua sweta yake kabla sijaipeleka makumbusho. "Utawapelekea watu nguo chafu kweli?" Nikamwomba aweke sabuni chini.

Ni sweta ya sufu iliyosokotwa kwa mkono, kazi inayojulikana hapa Nanyuki. Akina mama wa Nanyuki Spinners and Weavers wako nayo tangu 1977. Kiwiko kimoja kina kiraka. Kifuani kuna doa la chai.

Makumbusho hayakimbilii kufua. Nguo ikitolewa, hujaziwa fomu na kupewa nambari. Nambari huandikwa kwenye utepe wa pamba, nao utepe hushonewa kwa nyuzi chache zilizolegea. Sweta haitundikwi, maana uzito wake mwenyewe utaivuta. Hulazwa ndani ya karatasi isiyo na asidi, mbali na mwanga. Ikishukiwa kuwa na nondo, huingizwa kwenye friza. Na doa? Doa ni ushahidi.

Utunzaji huo nauheshimu. Ugomvi wangu ni na maandishi.

Mwaka 2021 nilienda kuona maonyesho ya Invisible Inventories kwenye Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nest Collective, kundi la SHIFT, Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho mawili ya Ujerumani, ya Köln na Frankfurt, walikuwa wameorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo ng'ambo. Mbele yangu, kabati za kioo tupu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi bora pale: kutufanya tusimame mbele ya kitu ambacho hakipo.

Lakini orodha hurithi tabia za walioandika kwanza. Kadi za zamani za makumbusho mengi husema "zawadi ya Bwana Fulani", kisha kabila, ngozi ya mbuzi, vipimo. Aliyetoa ana jina. Aliyeshona ana kabila. Unaweza kulinda uzi kwa miaka mia na bado ukampoteza mwenye nguo.

Kabla hatujawacheka, tupite soko la mitumba. Nguo zilizotolewa sadaka huko kwao zinatufikia kwa marobota, bila jina, na sisi tunauliza bei tu. Mimi pia. Nilipoketi kujaza fomu ya Shosho, sikujua nani alisokota ile sufu. Ilibidi nimpigie tata. Akanitajia jina, mama wa jirani, kisha akanieleza kiraka: msumari wa zizi la ng'ombe.

Doa nalijua mwenyewe. Ni siku niliyorudi nyumbani kusema nimeacha chuo. Shosho alishtuka, chai ikamwagika. Akajipangusa, akanimiminia kikombe changu, akasema, "Kunywa kwanza."

Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa "hali ya nguo". Nikaigeuza, nikaendelea nyuma.