TikZ mbele ya Nyiragongo

Wandugu, kuna kitabu ambacho hakuna anayekiita kitabu: mwongozo wa TikZ. Una kurasa zaidi ya 1,300. Mwandishi wake mkuu ni Mjerumani Till Tantau, na kazi yake ni kukufundisha kuchora ndani ya LaTeX kwa kuandika kode tu, bila kushika mausi. Jina lenyewe ni kifupisho cha sentensi ya Kijerumani inayosema "TikZ si programu ya kuchora". Ni utani, lakini uko na ukweli ndani.

Mfano mzuri uko karibu na mwanzo, pale mwongozo unapochukua jambo la kwanza la Euclid: pembetatu yenye pande tatu sawa. Unaweka A na B. Unasema: duara lenye kitovu A linalopita B, na lingine lenye kitovu B linalopita A. Yanapokutana, hapo ndipo C. Hukukisia C kwa jicho, umeieleza. Ukisogeza B, C inafuata yenyewe. Kwenye Word, ukisogeza mstari mmoja mingine inabaki nyuma, na siku ya kutetea memwari hakuna anayeona.

Mpaka hapo ni sifa tupu. Sasa tuipeleke Kibati, juu ya barabara ya Rutshuru, pale watalii walipokuwa wakianzia kupanda Nyiragongo. Memwari ngapi umesoma zenye ule mchoro wa mlima uliokatwa ubavu: kreta juu, Kibati katikati, Goma chini, halafu ziwa? Mara nyingi umechukuliwa mahali, ukavutwa kwa mausi hadi ukajaza karatasi. Uchore mwenyewe kwa TikZ uone. Ukingo wa kreta uko mita 3,470, ziwa Kivu mita 1,460, na kati yao kuna kilomita 20 hivi. Ukiandika x=0.6cm, y=0.6cm, kilomita moja ikiwa sawa pande zote mbili, mchoro wako unapata upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 1.2. Mlima wote huo! Utaona aibu, utaandika y=2.4cm ili upendeze. Umeuvuta mara nne, na kode imekuandikia hivyo kwenye mstari wa kwanza.

Lakini nani anausoma mstari huo? Ni wewe peke yako. Juri wanapewa karatasi. Hapa ndipo sikubaliani na wale wanaohubiri kwamba kode ni uaminifu. Kode inakuambia wewe ukweli, haimwambii msomaji. Usipoandika chini ya mchoro kwamba kimo kimevutwa mara nne, uko sawa tu na yule wa Word, ila mistari yako imenyooka zaidi. Na mistari iliyonyooka inaaminika haraka, hiyo ndiyo hatari yake.

Ila kuna swali moja ambalo TikZ inakuuliza na picha ya kubandika haikuulizi kamwe: mstari unaanzia wapi? Huwezi kuchora lava bila kutoa namba mbili za mahali inapoanzia. Picha za kubandika zinaonyesha lava ikimwagika kutoka mdomo wa kreta, kama uji unaofurika sufuriani. Hapa kwetu haikuwa hivyo. Mwaka 1977, 2002 na 2021, lava ilitoka kwenye nyufa za ubavuni. Mwaka 2002 nyufa ziliteremka mpaka upande wa Munigi, karibu na uwanja wa ndege, yaani chini ya Kibati. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilikata barabara ya Rutshuru, ikaenda kusimama Buhene, mlangoni mwa mji. Mtu anayeweka mwanzo wa lava kwenye kreta anampa mkaaji wa Munigi kilomita nyingi za kukimbia ambazo mwaka 2002 hakuwa nazo. Hilo si kosa la urembo.

Mwongozo wenyewe nao uko na lawama yake. Unaanza vizuri, na mwalimu wa kubuni anayeitwa Karl anayechorea wanafunzi wake duara la sini na kosini. Baada ya masomo machache unageuka kamusi, na mwenye Kifaransa cha shule na Kiingereza cha kubahatisha anazama. Mtego mmoja tu: x na y zikitofautiana, duara uliloandika kwa nusu kipenyo 1 linageuka duaradufu, lakini ukiandika 1cm linabaki duara. Imeelezwa, ndiyo, lakini mbali kabisa na pale Karl anapoanzia. Kwa jiometri ya shule mimi ningemwelekeza mtu kwanza kwa tkz-euclide ya Mfaransa Alain Matthes: unafafanua nukta, unatafuta makutano, mwishoni ndiyo unachora, karibu kama tulivyofanya na kompa darasani.

Na kwa wanaolia juu ya mega: ukishasakinisha TeX Live yote, mwongozo uko tayari ndani ya mashine yako. Andika texdoc tikz, utafunguka hata siku ambayo mtandao umekatika.