Kabla Kelele Hazijaanza

Mwalimu mzoefu haligeuzii darasa mgongo. Akiandika ubaoni husimama kiupande, mkono wa kulia na chaki, bega la kushoto limeelekea madawati, na kila baada ya maneno mawili matatu jicho linarudi kwa watoto. Mstari hupinda kidogo, lakini wa dawati la nyuma wanajua wanaonwa.

Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Marekani, alichunguza ufundi huu kwa kurekodi masomo ya shule za msingi kwa video. Kitabu chake cha mwaka 1970 kilieleza kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha walimu wenye madarasa tulivu na wale wanaohangaika. Tofauti ilikuwa katika yale yaliyotangulia: kuwahi kuona, kumudu mambo mawili kwa mpigo, kutoliacha somo likwame.

Mtazame mwalimu mzoefu wa darasa la nne akirudisha madaftari. Mwalimu mgeni huita jina mojamoja, na akifika la kumi nusu ya darasa wanapiga soga. Huyu ameyapanga kwa safu tangu ofisini. Zoezi liko ubaoni tayari. Watoto wa mbele wanapokea mafungu na kupitisha nyuma, naye anaelekea kwa wawili walioanza kuvutana rula. Haitaji rula. Anaendelea kueleza swali la pili, anaichukua, anampigia mmoja wao mstari daftarini, anairudisha mezani na kupita. Wengine hawakujua kama kulikuwa na ugomvi.

Kwenye shule binafsi ufundi huu una mashahidi wengi. Mmiliki anapita koridoni. Mzazi aliyelipa ada anauliza kwenye kundi la WhatsApp kwa nini daftari halijasahihishwa. Mmoja anataka mwanawe achapwe, mwingine akisikia fimbo anafika getini na hasira zake. Kanuni za Tanzania bado zinaruhusu viboko, visivyozidi 4, lakini mamlaka ni ya mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001. Kwa hiyo mwalimu wa kipindi, akifuata kanuni, hana fimbo.

Walimu wengi, na wamiliki kuwazidi, huamini darasa lililo kimya ndilo linalosoma. Siamini hivyo. Darasa la kazi za vikundi lina mvumo wake, na fundi huusikia unapogeuka kuwa porojo hata akiwa ameinama kusahihisha.

Ila utaratibu wa madaftari haukuja wenyewe. Ulifundishwa Januari, siku baada ya siku, pamoja na namna ya kuingia, kuomba ruhusa na kusubiri zamu, huku mwalimu wa taaluma akilalamika kwamba darasa jirani limeshamaliza mada ya kwanza. Kufikia Machi, darasa hilo jirani bado linagawiwa madaftari kwa kuitwa majina.