Usiku wa Shwari katika Tungo Zetu

Msomaji wa tungo zetu ambaye hajapata kupanda chombo angelidhani kwamba baharini hakuna siku ya utulivu. Tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho ni tufani, matanga kuchanika na nahodha kupotelewa na dira. Nchi ni jahazi, ndoa ni jahazi, roho ya mja nayo ni jahazi, na yote huenda mrama. Sikatai, bahari haishi zinge. Lakini wengi wetu visiwani bahari tuliijua kwa njia nyingine, nayo ni meli ya usiku.

Kutoka Unguja hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 70, na boti ya kasi huzimaliza kwa saa mbili hivi. Meli niliyokuwa nikiipanda ilizifanya safari ya usiku mzima. Iling'oa nanga baada ya Isha, ikajikokota, ikafika karibu na bandari kabla ya alfajiri, kisha ikatulia nje kungojea kupambazuke. Humo hamkuwa na tanga wala foromali. Mlikuwa na mngurumo wa injini usiopanda wala kushuka, harufu ya dizeli, makapu, mama aliyemlaza mwanawe juu ya kanga, na wazee waliokwisha mazungumzo. Taa za Unguja zimezama nyuma, za Mrima hazijachomoza. Kwa saa kadhaa msafiri hayuko kwao wala ugenini. Ni malenga gani aliyetutungia saa hizo?

Nitatajiwa marehemu Haji Gora Haji, mwana wa Tumbatu aliyefanya kazi za bahari kabla ya kujulikana kwa tungo. Hata hivyo, shairi lililoipa jina diwani yake ya Kimbunga (1994) halimo baharini: upepo wake unapiga mji, unang'oa mibuyu na kuacha minazi. Kwa maoni yangu, aliyeijua bahari kwa mikono yake hakuwa na haja ya kuifanya pambo la hatari. Pambo hilo hupendwa zaidi na sisi abiria.

Katika kufasiri tungo za kigeni za safari za usiku, neno lililonitesa kuliko yote ni "shwari". Kwa baharia wa tanga, shwari ni balaa: upepo umekufa, chombo hakiendi, maji ya kunywa yanapungua. Kwa abiria wa meli ya injini, shwari ni usingizi. Neno limegeuka maana chini ya miguu yetu, na tungo zetu hazijashtuka. Hata methali yetu ya kimya haikiachi kimya kikae. Hutaka kiwe na mshindo mkuu. Ajabu ni kwamba fani tunayo. Kibwagizo, kinachorudi kila ubeti bila kubadilika, kinaifaa mno injini ya usiku, kuliko kinavyoifaa tufani.

Ningeliliacha jambo hili liwe la ladha tu, lau si mwaka 2011. Usiku wa kuamkia Septemba 10, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Miili zaidi ya 200 ilipatikana, na wengi zaidi hawakuonekana tena. Nimesoma na kusikiliza maombolezo mengi ya msiba ule. Mengine yalinitoa machozi, na sioni haya kusema hivyo. Lakini katika mengi niliikuta tufani ile ile, mawimbi yale yale kama milima, na nahodha akipambana na ghadhabu ya bahari. Meli ile ilikuwa imejazwa watu na mizigo kupita uwezo wake. Mtunzi anapoleta tufani hapo, hata kwa nia njema na kwa vina visivyo na doa, huwa ameubebesha upepo dhambi iliyotendwa gatini. Maiti wetu wanapata machozi, hawapati ushahidi.

Shairi ninalolingojea lianze mapema zaidi, kwenye gati ya Malindi hapa Unguja, saa tatu za usiku, kabla kamba hazijafunguliwa. Abiria wanapanda. Magunia yanapanda. Mtoto anauliza kama watafika kabla ya kucha. Na kibwagizo kiwe ni hesabu ya watu, ambayo kila ubeti inaongezeka.