Kezilahabi Akisomwa Upande Huu wa Ziwa

Euphrase Kezilahabi anapofundishwa, aghalabu huwekwa kwenye fungu la udhanaishi. Hutajwa Camus na Sartre, hutajwa Nietzsche, kisha huhitimishwa kwamba kukata tamaa kwake kulitoka vitabuni. Ni kweli alikuwa msomaji mkubwa wa falsafa. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoimaliza Wisconsin mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Lakini riwaya ya Kichwamaji ilitoka 1974, na mimi ninapoisoma hapa Kampala sioni Paris. Naona kijiji.

Kazimoto, msimulizi wake, ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe. Elimu imempa maswali kuhusu Mungu na kifo, haikumpa mtu wa kuyazungumza naye. Yeyote kati yetu aliyetoka Makerere au Kyambogo akaenda kwao Desemba, akakaa na shangazi zake wanaosubiri kusikia digrii itazaa nini, anamjua Kazimoto bila msaada wa Sartre.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo mapenzi yangu kwake yalipoanzia. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944, na lugha ya kwao, Kikerewe, ni ndugu wa karibu wa Runyankore. Ziwa lake ndilo hili tunaloliita Nnalubaale. Meli za mizigo hutoka Port Bell kwenda Mwanza, jirani na kisiwa chake. Huku kwetu wengi bado wanakisikia Kiswahili kama lugha ya askari na ya amri. Kumkuta mtu wa ziwani akikitumia kuuliza iwapo maisha yana maana yoyote, kwa sentensi fupi, kavu, zisizoomba radhi kwa washairi wa pwani, kulinipa ruhusa ambayo hakuna mhadhara ulionipa.

Hata hivyo sikubaliani na wanaompenda wakafumba macho. Manase, rafiki wa zamani wa Kazimoto, anampa mimba Rukia, dada wa Kazimoto. Rukia anakufa, mama naye anakufa. Kazimoto anaazimia kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, na mwishowe anamwoa. Wanaume wanafalsafa, wanawake wanalipa. Katika Rosa Mistika (1971), iliyowahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania, tunamfuata msichana mwenyewe hadi anapojiua. Katika Kichwamaji tunampata Rukia kupitia macho ya kaka yake tu, na kaka ana shughuli nyingi na mawazo yake.

Mtoto anayezaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi hufasiriwa kuwa ishara ya wasomi waliojaa elimu isiyowafaa. Sawa, lakini ufafanuzi huo unamsahau aliyembeba tumboni. Katika hadithi yenyewe kichwa hicho kinatokana na ugonjwa, na ugonjwa huo wameuleta nyumbani wanaume hao hao wanaohoji maana ya uhai. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote za kitabu, ingawa Kazimoto haitamki kama hoja. Anajiua. Kila ninapofika hapo sitamani neno lake jingine juu ya Mungu. Natamani Sabina angepewa sura moja ya kusema.