Python: Jina na Istilahi Zake

Katika uteuzi wa istilahi, maana hutangulia neno. Kanuni hii husahauliwa tunapoandika juu ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Kuiita “Chatu” ni kosa: jina lilitokana na Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza, wala si nyoka. Ni jina la pekee, libaki lilivyo.

Kosa kubwa zaidi ni kuieleza kuwa “lugha ya jumla”. Msomaji wa Ngombezi, Korogwe, atadhani ni mambo ya bei ya jumla. Kinachokusudiwa ni kwamba lugha hiyo haikufungwa na kazi moja: yaweza kukokotoa uzito wa singa za mkonge shambani, au kupanga alama za wanafunzi shuleni. Twapendekeza “lugha ya matumizi mengi”.

Aidha, kusogeza mistari ndani, ambako katika insha huonyesha mwanzo wa aya tu, katika Python huonyesha amri zipi zimo chini ya sharti lipi. Mfasiri akikuita “pambo”, mwanafunzi atakupuuza, na programu yake itakwama au kutoa jawabu la uongo. Istilahi mbovu, basi, si aibu ya kamusi peke yake, humpoteza mtumiaji.