Kwanza Uzijue Nyasi

Kamera ya mtego inayofungwa mtini huko Serengeti haina jicho la mwindaji. Ina kihisi kinachongoja joto lipite mbele yake. Simba akipita, inapiga picha; upepo ukiyumbisha nyasi ndefu zilizopata jua la saa nane mchana, inapiga vilevile. Mradi ulioanzishwa na mwanaikolojia Alexandra Swanson ulitandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kati ya 2010 na 2013 zilikusanya mafungu ya picha milioni 1.2, na karibu robo tatu ya mafungu hayo hayakuwa na mnyama hata mmoja. Nyasi, kivuli, na nyasi tena.

Wapo wanaoziona picha hizo kuwa takataka. Mimi nazitetea, kwa kuwa ufundi wa kumtambua mnyama anayepita umejengwa juu yake. Njia ya zamani huanza na mahali penyewe: programu hukusanya picha nyingi za kamera moja, hujifunza kila nukta huwa na rangi gani siku za kawaida, kisha huilinganisha picha mpya na kawaida hiyo. Kilichozidi ndicho kilichoingia. Kuyasema haya ni rahisi. Lakini wingu likipita, uwanda mzima hubadilika rangi. Simba akilala mchana kutwa kivulini mbele ya kamera, polepole humezwa na mandhari, mpaka programu inamhesabu pamoja na mawe. Hapo fundi huketi na vipimo vyake, akiongeza hiki, akipunguza kile. Akilegeza, kila jani linakuwa swala. Akikaza, digidigi wa mbali anapotea. Saa hizo za kupima na kupima tena, ambazo hakuna anayeziandikia habari, ndizo ninazozisifu.

Baadaye ikaja mitandao ya neva, programu zinazojifunza kwa mifano. Mwaka 2018 Mohammad Sadegh Norouzzadeh na wenzake waliifunza kwa picha za Serengeti, ambazo maelfu ya watu wa kujitolea walikuwa wamezitazama na kuzipa majina. Kwa picha 99.3 katika kila 100, mashine ilifikia usahihi wa asilimia 96.6, sawa na wa watu hao. Mwaka huohuo Sara Beery na wenzake huko California walionyesha upande wa pili: mtandao uliozoea kamera fulani huyumba ukipelekwa kwenye kamera usizozijua. Ng'ombe malishoni hutambuliwa, ng'ombe ufukweni haonekani. Mashine ilikuwa imekariri mahali ikidhani imemjua mnyama. Kwangu mimi, ugunduzi huo una thamani zaidi kuliko asilimia zote. Mwaka 2020 Beery na wenzake waliipa programu kumbukumbu ya yale ambayo kamera ileile imeyaona kwa muda unaofika hata mwezi, na ikaona vizuri zaidi. Yule fundi wa zamani alikuwa amelijua jambo hili: kila kamera ina uwanja wake, na uwanja huo haujulikani kwa siku moja.

Fundi huyo aliuliza kwanza kama kuna kilichoingia, si jina lake. Ndiyo maana naipenda MegaDetector, programu inayojizuia kutaja spishi. Inauliza tu kama pichani kuna mnyama, mtu au gari, inachora mraba, kisha inawaachia wajuzi kazi ya kutoa jina.

Kisa kimoja kinaonyesha faida ya kujizuia huko. Mwaka 2005, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, kamera ilimnasa sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza, asiyefanana na sange yeyote aliyekwisha kuandikwa. Programu iliyofunzwa majina tu ingemsukumia kwenye jina mojawapo la zamani. Swali la kama kuna kitu kimeingia hapa lingemzungushia mraba na kumkabidhi kwa mtu. Siku hizo macho ya watu ndiyo yaliyofanya kazi yote. Francesco Rovero na wenzake walimfuata msituni mwaka 2006, wakamkamata, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya, Rhynchocyon udzungwensis: uso wa kijivu, matako meusi, uzito wa gramu 700 hivi.