Ufundi wa Kumtambua Sponji

Sponji hana uso. Hana jicho, mdomo wala mguu, na umbo lake hufuata mkondo wa maji na jiwe alilolikalia. Rangi aliyokuwa nayo baharini hupotea akishatiwa katika alkoholi ya kuhifadhia. Wawili wa aina moja huweza kuonekana wageni kabisa, na wawili wasiohusiana wakafanana mno. Hata hivyo wapo watu wanaoweza kukaa na mnyama huyu maabarani, siku baada ya siku, mpaka wakamwita kwa jina lake. Ufundi wao nauheshimu sana, na ningependa watu wa Bumula waujue.

Mtu atauliza Bumula na bahari vinakutana wapi. Huku kwetu ni miwa, mahindi na ng'ombe. Lakini maji ya mvua yanayopita mashambani mwetu huteremka na mito ya Nzoia na Sio hadi Ziwa Viktoria, yakaingia Nile, na Nile huishia Bahari ya Mediterania, ambako wazamiaji wa Ugiriki wamevuna sponji wa kuogea tangu enzi za kale. Zaidi ya hayo, kazi hii haimtaki mtu awe amezaliwa pwani. Sehemu yake kubwa hufanyika mezani, na vifaa vyake vya msingi havipiti uwezo wa maabara ya shule ya sekondari.

Kazi huanza kwa kuandika. Kabla sponji hajakatwa, mtafiti humpiga picha na kuandika rangi yake, kina cha maji na aina ya mwamba. Humbonyeza ajue kama ni mlaini au mgumu, na humnusa pia, kwa sababu baadhi yao wana harufu kali. Kipande kinachokatwa hutiwa katika alkoholi. Sponji amejaa maji mwilini, na maji hayo huizimua alkoholi, kwa hiyo baada ya muda mfupi hubadilishwa. Asiyejali hukuta kitu kilichooza. Lebo huandikwa kwa penseli, maana wino huweza kuyeyuka ndani ya alkoholi na jina likapotea.

Kisha huja hatua ninayoipenda kuliko zote. Kipande kidogo chenye ngozi ya nje na nyama ya ndani hutiwa katika neli ya kioo pamoja na jiki, hii hii tunayofulia nguo nyeupe. Nyama huyeyuka, na chini hubaki unga mweupe kidogo sana. Unga huo ni vijiti vya silika, ambavyo sponji alijijengea kwa madini aliyoyatoa majini. Fundi huacha vitulie, humwaga jiki polepole, hutia maji safi, husubiri tena, humwaga tena. Hurudia hivyo mara kadhaa, na mwisho huosha kwa alkoholi. Mwenye haraka humwaga vijiti pamoja na maji, na vinavyotangulia kwenda ni vile vidogo kabisa, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyotofautisha aina moja na nyingine.

Tone moja likikaushwa na kuwekwa chini ya hadubini, huonekana sindano zenye ncha mbili, vijiti vyenye kichwa upande mmoja, nyota, nanga na vingine vyenye miale sita. Fundi hupima makumi ya kila aina, kwa vipimo vya sehemu ya elfu moja ya milimita, akaandika kidogo kabisa, kikubwa kabisa na wastani. Kwa wembe hukata pia ubale mwembamba wa sponji mzima, aone vijiti vilivyopangwa kabla ya jiki kuvitawanya. Ndipo hufungua vitabu: maelezo ya karne iliyopita kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, na Systema Porifera, kazi kubwa iliyohaririwa na John Hooper na Rob van Soest mwaka 2002. Aina zinazotambuliwa leo zimepita 9,000.

Fundi hodari hujua atakachopoteza kabla hajamimina chochote. Baadhi ya sponji wana vijiti vya chokaa, na ukiwatia asidi badala ya jiki, neli hubaki tupu. Sponji wa kuogea hawana vijiti kabisa. Wana nyuzi tu, na hao husomwa kwa namna nyuzi zao zilivyosukwa. Siku hizi vinasaba husomwa pia, lakini kazi ya wembe na hadubini haijaachwa.

Jina sahihi lina faida kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanakemia Werner Bergmann alieleza kemikali ngeni alizozipata katika sponji wa Florida. Utafiti uliofuata ulizaa sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969, na leo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kemikali ikipatikana katika sponji asiyejulikana ni nani, mtafiti wa pili atamtafuta wapi?

Afrika Mashariki imo katika historia hii. Robert von Lendenfeld aliandika juu ya sponji wa Zanzibar mwaka 1897. Mwaka 1899 meli ya Kijerumani Valdivia, katika msafara ulioongozwa na Carl Chun, ilipita kwenye pwani yetu ikishusha nyavu zake kilindini. Miongoni mwa viumbe waliopandishwa alikuwemo sponji wa kioo ambaye Franz Eilhard Schulze alimpa jina mwaka 1904: Monorhaphis chuni. Huyu husimama juu ya tope la kilindi kwa kijiti kimoja cha silika, ambacho huweza kufika mita tatu, urefu wa muwa uliokomaa. Kijiti hicho hukua kwa tabaka nyembamba, mamia yake, moja juu ya nyingine. Mwaka 2012, Klaus Peter Jochum na wenzake walichapisha uchunguzi wa kijiti kilichotoka Bahari ya China Mashariki. Walipima kemia yake tabaka kwa tabaka, wakasoma humo mabadiliko ya joto la bahari, na wakakadiria kwamba mnyama huyo aliishi takriban miaka 11,000. Alianza kukua kabla ya piramidi za Misri, na aliyemchunguza alihitaji subira ya kulingana naye.

Leo kule Jambiani, Zanzibar, wapo wanawake wanaolima sponji kwa vipande vilivyotungwa kwenye kamba majini. Mradi wao ulitanguliwa na majaribio ya kujua ni sponji gani akikatwa hukua tena.

Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Mombasa, na ina meli ya utafiti, RV Mtafiti. Kinachohitajika ni mikono mingi zaidi iliyofunzwa, kwa sababu majina mengi ya sponji wetu yalitolewa na wageni, na vielelezo vyao vimo katika makumbusho ya Ulaya. Walimu na wazazi wa Bumula, mkimwona mtoto anayerudia jambo moja mpaka litimie, msimwambie kwamba bahari iko mbali. Mpeni hadubini, mfundisheni kuandika anachokiona, na mpelekeni akasomee kazi hii.